Jumamosi Niliyoivunja Meza ya Fundi

Fundi hakuwahi kuniita kwa jina langu. Siku ya kwanza nilipoingia karakana yake pale Olasiti, nimevaa shati lililopigwa pasi na vyeti vyangu nimevipanga ndani ya faili la plastiki, alikichukua cha juu, akakisogeza karibu na pua, akakirudisha mahali pake. Kisha akasema, "Karibu, Injinia." Nilifurahi sana. Jioni nilirudi Njiro nikamweleza mke wangu kwamba mzee ameitambua elimu yangu mara moja. Ilinichukua miezi mitatu kuelewa kwamba ule ulikuwa utani, na mwaka mzima kukubali kwamba ulikuwa utani wa haki.

Na mimi jina lake sitalitaja. Watu wote walimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wa Arusha walikuwa wanajaribu tu. Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, sikuuliza, na angenijibu kwamba hayo hayatoboi chuma. Ninachokijua ni miaka kumi na moja ya kumtazama akifanya kazi, na miaka miwili ya kumkwepa. Hiyo miwili ndiyo inayonifanya niandike. Niseme mapema, ili msomaji asije akanipenda bure: niliivunja meza ya drili yake, nikanyamaza, naye akaamini kwamba ameivunja mwenyewe. Kwa sababu hiyo aliacha kazi.

Drili yenyewe ni ya zamani, ile ya kusimama chini, ndefu kunizidi, yenye mikanda juu na nguzo nene kama shina la mgomba. Katikati ya nguzo kuna meza ya chuma cha kasti, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho kina nguvu ya kubeba mzigo lakini hakijui kupinda, kikizidiwa kinavunjika. Juu ya meza kuna mifereji miwili. Humo ndimo bolti huingia kukaza jiliwa, na jiliwa ndilo hushika kile unachokitoboa. Meza ikiwa sawa, tundu linasimama wima. Meza ikiwa na kasoro, tundu linakwenda upande, na chochote utakachokifunga kwenye tundu hilo kitakwenda upande nacho.

Watu wa mlimani walijua tofauti hiyo. Walishuka na mashine zao za mkono za kumenyea kahawa mbivu, wengine wamezifunga kwa kamba za migomba, kwa sababu kahawa iliyochumwa leo haikai ikisubiri wiki ijayo. Fundi alizitoboa upya, akazifunga, akazizungusha mkononi huku amefumba macho. Zikiwa na mlio asioupenda alizifungua tena. Mwenye mashine angeweza kulalamika, kupiga miluzi au kwenda kunywa chai, haikubadilisha kitu.

Meza ile ilikuwa na viraka, na viraka vile ndivyo vilivyokuwa sheria ya karakana. Mtu akitoboa kipande cha chuma bila kuangalia biti, ile ncha ya kutobolea, inaishia wapi, biti hupita ikaingia mezani. Kila karakana yenye drili ina meza yenye makovu ya namna hiyo, na kwingine kote makovu huachwa. Kwa Fundi, aliyeitoboa meza aliiziba mwenyewe, siku ileile, kabla ya jua kuzama. Alichonga kizibo cha chuma, akakipigilia ndani ya tundu, akakipiga tupa mpaka kilingane na meza. Fundi alikuja kupitisha ukucha. Ukucha ukikwama hata kidogo, unaendelea kupiga tupa. Ukipita, unakwenda dukani kuwanunulia soda wote waliopo, na neno linaishia hapo.

Vizibo vilikuwa kumi na vinne. Tisa ni vyangu. Mgeni akiuliza, Fundi alimwonyesha kimoja baada ya kingine. Huyu alikuwa anawahi harusi, huyu alikuwa anaongea na simu, huyu alikuwa amegombana na mkewe, na hivi tisa ni vya Injinia, yeye hakuwa na sababu. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawatangaza watu hivyo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Akaniambia kosa likishapata mwenyewe limekwisha. Lisilo na mwenyewe ndilo linalozunguka karakanani likitafuta mtu wa kumng'ang'ania. Nililiandika neno lile kwenye daftari langu, maana nilikuwa na daftari la kuandikia maneno ya Fundi. Lilinisaidia sawasawa na vyeti vyangu.

Alikuwa na lugha tatu na kila moja ilikuwa na kazi yake. Mashine alizisemesha Kimeru, kwa sauti ya chini, hasa zikiwa zinagoma. Watu alitusemesha Kiswahili. Kiingereza alikihifadhi kwa ajili ya kukataa. Ukimletea kazi ya ovyo, geti la kufungwa kwa haraka ili mwenye nyumba asione ufa, alifuta mikono taratibu akasema, "Not possible," na hata ungeleta mchungaji wa usharika akuombee, hapakuwa na tafsiri.

Kidole chake cha shahada cha kushoto hakikuwa na ncha. Wateja wa mjini aliwaambia kwamba ni fisi. Wazee wenzake wa kanisani aliwaambia ni uzembe wa ujana na kwamba Mungu amemsamehe. Mimi aliniambia kilikatwa na mtu mwenye diploma.

Wala asionekane kama malaika. Alikuwa mchoyo wa ajabu wa tepu ya kupimia. Ukiiazima alisimama nyuma yako akihema mpaka uirudishe. Alituhubiria habari za vipimo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na mlango wa karakana aliouchonga mwenyewe haukuwahi kufungika. Kwa miaka kumi na moja tuliuegemezea jiwe, na kila mwaka aliahidi kuurekebisha baada ya Pasaka. Alilaani haraka ya aina zote, lakini loshoro yake ya mchana, mahindi ndani ya maziwa mgando, aliinywa akiwa amesimama, kwa mikupuo mitatu, akatushangaa sisi tuliokaa chini kula kama watu. Jumapili hakugusa kazi. Ila alikwenda kanisani na spana ndogo mfukoni, na benchi lililokuwa likilia wakati wa wimbo wa kwanza lilikuwa limenyamaza kabla ya sadaka.

Kwenye kupima alikuwa na msemo wake: mara tatu ni uoga, mara mbili ni adabu, mara moja ni Injinia.

Lakini kitu kilichowafanya mafundi wa karakana nyingine waje kusimama mlangoni kumtazama ni jinsi alivyokaza bolti. Hakuiangalia. Aliishika spana kwa vidole vitatu, akageuza uso kuelekea mlimani, iwe Meru imejifunua au imejifunika, kwake ilikuwa sawa, akavuta polepole. Kisha akaacha. Hakuna aliyejua kwa nini ameacha pale na si robo ya mzunguko mbele. Alisema macho yanaona bolti imefika, mkono ndio unaosikia kama imetosha. Mimi nilikuwa na kipande cha bomba nilichokiingiza kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi. Alikikuta, akakipeleka nyuma kwenye chakavu, akarudi akaniambia kwa upole kwamba chuma cha kasti ni kama baba mkwe: hakikuoneshi dalili. Kinakuvumilia, kinakuvumilia, halafu siku moja mmeachana.

Macho yake yalianza kuingia ukungu katika mwaka wa kumi tangu nilipofika pale. Alilificha jambo hilo kwa ustadi ambao mimi ningeuonea wivu. Wateja aliwatambua kwa kikohozi na mwendo. Namba za biti alizisoma kwa kucha. Tuliosoma tulimwonea huruma, na yeye aliendelea kutusahihisha. Nilipomwambia kuna madaktari wanaotoa mtoto wa jicho kwa saa moja tu, alisema atakwenda baada ya Pasaka, na sote tulijua mlango ule.

Sasa ile Jumamosi.

Jumamosi mchana Fundi alipanda kwao Nkoaranga, akarudi Jumatatu alfajiri. Wengine walitoka mapema. Nilibaki peke yangu na mashine ya kahawa ambayo pini yake ilikuwa imekwama ndani ya gurudumu, imeshikwa na kutu. Kazi kama hiyo inafanywa juu ya fuawe, pande la chuma la kugongea, na fuawe tulikuwa nayo, nzito, iko hatua nane kutoka pale niliposimama. Nilizihesabu baadaye. Lakini mashine ilikuwa tayari juu ya meza ya drili, mgongo wangu ulikuwa unauma, na nilikuwa nimewahi kusoma sehemu kubwa ya kitabu kuhusu mgawanyo wa nguvu katika vyuma. Nikafanya hesabu kichwani. Hesabu ilikubali. Nikachukua nyundo kubwa.

Pigo la kwanza pini haikusogea. La pili haikusogea. La tatu pini ilitoka vizuri kabisa, na kona ya meza ikatoka nayo. Ilikatika kuanzia kwenye mfereji hadi ukingoni, kipande cha ukubwa wa viganja viwili, na ufa mwembamba ukabaki ukielekea katikati. Ilitoa sauti ndogo tu. Nilikaa juu ya ndoo ya chakavu nikakitazama kile kipande kwa muda mrefu, nikitumaini pengine elimu yangu itasema kitu.

Nilichokifanya baada ya hapo sikukifundishwa chuoni. Nilikipaka kipande grisi nzito pembeni, nikakirudisha mahali pake. Kasti ikivunjika huacha punje punje, na punje zile zilishikana vizuri mno. Nikaweka jiliwa juu yake. Ukitazama haraka, usingeona kitu. Nilijiambia kwamba Jumatatu nitamwambia Fundi nikiwa wa kwanza kufika, kabla hajagusa chochote. Nilikusudia kweli. Jumatatu nilichelewa kwa sababu nilipitia kuweka mafuta kwenye gari.

Nilipoingia alikuwa tayari ameshika spana. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlimani kama kawaida yake. Nilifungua mdomo, naye akavuta, na kona ya meza ikaanguka sakafuni karibu na kiatu chake.

Fundi hakusogea. Aliinamisha kichwa upande wa sauti, kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinama. Watu waliokuwepo walidhani namsaidia mzee. Nilikiokota kile kipande nikakipangusa grisi yote kwa tambara kabla ya kumpa, na huo ndio wepesi mkubwa kuliko wote niliowahi kuuonyesha kazini.

Alipapasa pale palipovunjika. "Sikusikia ikikaza," alisema. "Mkono haukusikia kitu."

Hakuwa anatuambia sisi. Nilikuwa na nafasi wakati ule, nafasi pana, na kila mtu angecheka, ningetoa soda, na leo nisingekuwa na la kuandika. Nikasema, "Pole, mzee."

Alitaka kuifuata sheria yake mwenyewe. Alitoa pesa, akamtuma mmoja wetu dukani, tukaletewa soda. Kisha akachukua tupa na kile kipande, akakaa kwenye mwanga wa mlango, akajaribu kusafisha pembe zake ili azione. Tulimwangalia. Alijaribu kama nusu saa. Jua lilikuwa bado juu alipoiweka tupa chini, akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaniambia, "Injinia, karakana utaitazama wewe." Alisema macho yanatibika, lakini fundi ambaye mkono wake haujui tena kipimo atamuua mtu siku moja. Kisha akatoka, akapita kando ya lile jiwe la mlangoni. Soda yangu ilikuwa ya tangawizi. Niliinywa yote.

Macho yalitibika kweli. Wanawe walimpeleka, na baada ya wiki chache alikuwa anasoma Biblia bila miwani na kuwakosoa wapaka rangi wa kanisa. Tukadhani atarudi. Hakurudi. Nilikwenda kumwamkia Krismasi mbili, nimebeba sukari na mafuta ya kupikia. Mkewe, ambaye sote tulimwita mama, alinikaribisha kwa ndizi na nyama, nami nikala. Nilizungumza sana kuhusu mvua. Fundi alinisikiliza ameweka mikono mapajani, na kila nilipoaga aliuliza kama meza imepata wa kuitengeneza. Nilijibu kwamba tunatafuta vifaa.

Ukweli ni kwamba tulikuwa tunatobolea kwenye nusu ya meza iliyobaki, na ufa ulikuwa ukitembea. Matundu yalianza kwenda upande, kidogo, kisha si kidogo. Mkulima mmoja wa kutoka mlimani alirudisha mashine yake mara ya pili. Ilikuwa inazisaga punje badala ya kuzimenya, na msimu ulikuwa umefika. Hakugombana. Alisema tu kwamba tangu Fundi aondoke, kazi za hapa si zile. Nami nikajisikia nikimjibu, kwa sauti ya mtu anayeomboleza, kwamba ndiyo, ni bahati mbaya, Fundi aliikaza meza kupita kiasi.

Mpaka siku ile nilikuwa nimenyamaza tu. Pale ndipo niliposema uongo wenyewe. Niliona aibu, na nilipofika Njiro nilishindwa kula, jambo ambalo mke wangu alilitafsiri kuwa malaria.

Nikaamua kuitengeneza. Siku ya kwanza niliichomelea kama ninavyochomelea mageti, kwa vijiti vya kawaida, moto mkali, mstari mmoja mrefu na mzuri. Niliupiga picha ule mstari. Nikaenda kula. Nilikuwa nimemeza tonge la pili niliposikia tik, kisha tik nyingine kubwa zaidi. Nilipofika, ufa ulikuwa umerudi pembeni tu ya weldi yangu, na sasa ulikuwa na mdogo wake.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua dawa yake. Nilimpigia simu. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba kuna jamaa upande wa Usa, nje kidogo ya mji, amevunja meza ya drili yake na anaomba ushauri. Fundi alichangamka. Nilimsikia akivuta kiti. Alinieleza kila hatua kwa utaratibu: toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, safisha mpaka mafuta yaishe kabisa, chimba mfereji kando ya ufa, tumia vijiti vya nikeli. Ipashe meza yote moto kwenye mkaa kwanza. Chomelea urefu wa kidole gumba tu, gonga polepole kwa nyundo ndogo, ngoja, chomelea tena. Ukimaliza ifukie ndani ya majivu mpaka ipoe yenyewe, usiifukue kwa hamu. Chini yake funga bamba la kuishikilia. Nilikuwa naandika kwenye daftari. Kisha akauliza jamaa alivunjaje.

Nikamwambia alikaza sana.

"Mwambie asione aibu," alisema. "Na mimi ilinipata."

Baada ya simu ile niliifungua meza kutoka kwenye nguzo, nikafanya kazi kwa siku sita, na sikumruhusu mtu kunisaidia. Nilichukua jiko kubwa la mke wangu, lile la sherehe, na bado hajalirudisha jikoni wala hajanirudisha mimi katika heshima yangu ya zamani. Niliipasha meza mpaka mate yakawa yanaruka juu yake. Nilichomelea kidole gumba, nikagonga, nikangoja. Kungoja ndiko kulikonishinda zaidi. Nilitembea kuzunguka karakana hadi watu wakadhani nimepoteza kitu. Niliifukia kwenye majivu na sikuifukua kwa siku mbili, ijapokuwa nilikwenda kuyagusa majivu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kisha tupa. Kisha nikapaka rangi ya bluu kwenye bamba lililonyooka, nikalilaza juu ya meza, nikakwaruza kila mahali palipochukua rangi, maana ndipo palipoinuka, nikapaka tena. Mikono yangu ilikuwa ya bluu hadi kanisani. Mwishowe nilipitisha ukucha kutoka chuma cha zamani kwenda kwenye weldi, na kurudi. Ukapita.

Nikaipakia kwenye gari, nikapanda nayo Nkoaranga.

Kutoka barabarani hadi kwao kuna njia ya miguu yenye mwinuko katikati ya kahawa na migomba, na meza ya drili haina mshikio. Nilipumzika mara tano. Fundi alikuwa amekaa barazani, na aliniona kutoka mbali, maana sasa alikuwa anaona vizuri kuliko mimi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," kabla sijavuta pumzi, akanijibu marahaba huku macho yake yako mezani. Niliiweka miguuni pake. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mlangoni.

Aliinama. Alipitisha ukucha kwenye mshono, mara moja, mara mbili. Aligeuza akaangalia bamba la chini na bolti zake. Akauliza tangu lini jamaa wa Usa ana meza yenye vizibo vyangu tisa.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yaliponitoka yalikuwa mafupi. Nilimwambia hakuna jamaa wa Usa. Nilimwambia kuhusu pini, nyundo na grisi, na kwamba kona ilikuwa imevunjika tangu Jumamosi, na kwamba nilikipangusa kile kipande mbele ya macho yake kwa sababu nilijua hayaoni. Nilimwambia kuhusu mkulima wa kahawa pia. Nilisimama kama mtoto aliyeitwa ofisini, na nina miaka arobaini na minne.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Hakupandisha sauti. "Krismasi mbili umekula hapa na hili likiwa tumboni mwako."

Fundi hakunitazama. Alikuwa ameuinua mkono wake wa kulia, anaufunga na kuufungua, taratibu, kama anaupima.

"Kumbe haikukaza," alisema. "Ndiyo maana sikusikia. Hapakuwa na kitu cha kusikia."

"Ndiyo, mzee."

"Mkono ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, mzee."

Nilitamani anitukane. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta. Kisha akasema, akimtazama mkewe si mimi, "Miaka miwili nimekuacha unifunge vifungo vya shati. Nilidhani mikono hii imekwisha."

Mama aligeuka akaingia ndani. Mimi nilianza kusema samahani, akanikatiza kwa kiganja. Hakusema amenisamehe. Hajasema mpaka leo, nami sijapata ujasiri wa kuuliza. Alisema weldi iko sawa isipokuwa mwisho wa mfereji, ambako nilikuwa na haraka, na kwamba pale patachongwa upya. Nikamuuliza na nani. Akasema kesho saa moja asubuhi niwe pale barabarani na gari.

Nilifika saa moja kasoro robo, nikijivunia kuwahi. Alikuwa ameshafika, amesimama ukingoni mwa barabara na meza kando yake, sijui aliishushaje. Alikuwa amevaa ovaroli yake iliyopigwa pasi. Vifungo alikuwa amejifunga mwenyewe, na viwili vilikuwa vimepishana, upande mmoja wa kola umekwenda juu. Kwa miaka kumi na moja mtu yule hakuniachia hata kosa moja lipite. Nilimfungulia mlango wa gari, nikaipakia meza, na sikumwambia.